Siku za Kabla: Ruaruke, dungu na hesabu ya siku 84

Kiswahili kimejaa maneno ya siku zinazofuata baada ya mtoto kuzaliwa. Kuna arobaini. Kuna nifasi. Kuna akika. Kuna uzazi wenyewe, maana pwani ukisema fulani yuko kwenye uzazi, kila mtu anaelewa kwamba yuko ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga na hashiki jembe. Mwanamke huyo anaitwa mzazi, na mzazi ana haki zake ambazo hata mama mkwe mkali anaziheshimu.

Sasa hebu nitajie neno moja tu la mapumziko ya mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Mimi sijaliona. Tuna mja mzito, yaani mtu aliyebeba uzito. Tunasema siku zake zimekaribia, au mwezi wake ndio huu. Hayo ni maneno ya kungoja, si ya kupumzika. Hata mgeni lugha yetu imemkumbuka: siku mbili hivi, ya tatu mpe jembe. Mjamzito hakupewa hata hizo mbili.

Ukimya huu una historia, na historia hiyo inagusa swali ambalo wanawake wengi wa rika langu wanalijadili kwenye daladala, ofisini na kliniki: niache kazi lini kabla sijajifungua? Walio wengi tunalijibu kana kwamba ni swali la daktari na ofisa rasilimali watu. Nataka tulitazame kutoka Ruaruke, kata ya Wilaya ya Kibiti iliyo upande wa kaskazini wa delta ya Mto Rufiji, mahali ambapo walioajiriwa ni wachache na mpunga ndio mwajiri mkuu. Ukitazama kutoka huko, utaona kwamba mila na sheria, ambazo tumezoea kuzipambanisha, kwenye jambo hili zimekubaliana kwa namna ya ajabu.

Kalenda mbili

Rufiji ni mto unaopangia watu kazi. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza kushika, karibu Desemba na Januari. Machi hadi Mei mto hujaa na kumwagika mabondeni, na mafuriko yakija kwa kiasi ndiyo mbolea na ndiyo umwagiliaji. Juni na Julai ni mavuno. Maji yakishapungua kuna kilimo cha mlau, mazao yanayopandwa kwenye udongo ulioachwa na unyevu. Huku delta yenyewe, yenye zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, inaongeza kazi za samaki, kamba na nguzo.

Kazi ya mpunga haichoshi wakati wa kulima tu. Mpunga ukianza kutoa mashuke, ndege wanakuja kwa makundi, na mtu lazima akae shambani kuanzia alfajiri hadi magharibi. Ndiyo kuamia ndege. Usiku ni zamu ya nguruwe pori. Kwa hiyo familia hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na humo hulala wiki kadhaa, mbali na nyumba, mbali na zahanati. Kulala huko si mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba simba waliua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania tangu 1990, na ukahusisha mashambulio hayo na nguruwe pori na watu wanaolala mashambani kulinda mazao. Rufiji ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana.

Sasa weka kalenda ya mimba juu ya kalenda ya mpunga. Mavuno yakiisha, chakula kipo, pesa kidogo ipo, ngoma na harusi zinaanza. Mimba iliyotungwa Agosti huzaliwa Mei. Maana yake mwezi wa nane wa mimba unaangukia kwenye mafuriko na palizi, na mwezi wa mwisho unaangukia kwenye ndege. Mimba ya Oktoba huzaliwa Julai: mwezi wake wa mwisho ni kuvuna, kubeba na kupura. Mimba ya Machi huzaliwa Desemba: mwezi wake wa mwisho ni kusafisha shamba na kulima, huku ghala limebaki vumbi.

Geuza unavyotaka, mimba haiukwepi mpunga. Ndiyo maana mkulima akiulizwa ataacha kazi lini, hawezi kulijibu swali hilo kwa kuhesabu wiki za ujauzito. Lazima ahesabu mikono. Nani atapanda dungu badala yake? Kama ana binti mkubwa asiyekwenda shule, au dada, au mke mwenza wanaoelewana, anaweza kuteremka mapema. Kama hana, anateremka uchungu unapomteremsha. Tena ngazi ya dungu ni miti tu iliyofungwa kamba.

Kliniki, kwa upande wake, inahesabu kivingine. Kwenye kadi ya mama inaandikwa tarehe ya matarajio: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 280. Ni kanuni iliyobeba jina la Franz Naegele, mkunga msomi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1851, na inatumika hadi leo duniani kote. Siku 280 ni wiki 40. Kwa hiyo mwanamke wa pwani ana arobaini mbili: wiki arobaini za mzigo na siku arobaini za mapumziko. Ile ya pili ina jina, ina sherehe na ina walinzi. Ile ya kwanza ni tarakimu kwenye kadi.

Arobaini ilivyolindwa

Mwaka 1903, huko Göttingen, Carl Velten alichapisha kitabu cha *Desturi za Waswahili*, ambacho sehemu kubwa yake iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Wapenzi wa fasihi wanakijua kama moja ya nathari kuu za mwanzo za Kiswahili zilizochapishwa. Mtoro anayaanza maisha ya Waswahili pale yanapoanza kweli, kwenye uzazi. Si ajabu. Katika jamii ile uzazi ulikuwa jambo la hadhara: una wataalamu wake, wakunga na makungwi, una malipo yake, una miiko yake.

Tuitazame arobaini kwa macho ya kazi, tuache kidogo macho ya mila. Ili mwanamke akae ndani siku arobaini, lazima mtu mwingine achote maji, atafute kuni, apike, aamie ndege. Arobaini ni mkataba: watu fulani wanakubali, bila malipo ya fedha, kuibeba kazi ya mtu mmoja kwa muda unaojulikana. Na muda unajulikana kwa sababu dini imeukazia. Mwenye nifasi haswali, na kwa desturi siku zake zimehesabiwa arobaini. Hakuna mume atakayesema mkewe anajifanya mgonjwa.

Na dini hiyohiyo haikumsahau mjamzito. Akihofia afya yake au ya mtoto, ana ruhusa ya kula Ramadhani na kulipa baadaye. Yaani nguzo mojawapo ya Uislamu inaweza kumsubiri mjamzito. Jembe halisubiri. Hapo ndipo naona tatizo halikuwa kwamba wazee wetu hawakujua kuwa mimba inachosha. Walijua. Ila ruhusa ya kutofunga haimgharimu mtu mwingine kitu, na ruhusa ya kutolima inamgharimu.

Wajerumani: sheria kwao, pamba kwetu

Wakati Mtoro anaandika, pwani hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Nchi yao ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuligeuza suala hili kuwa sheria. Uswisi ilitangulia mwaka 1877, ikazuia wanawake wa viwandani kufanya kazi kwa jumla ya wiki nane kabla na baada ya kujifungua, na angalau sita kati ya hizo ziwe za baada. Ujerumani ikafuata mwaka 1878 kwa wiki tatu baada ya kujifungua. Tangu mwanzo, basi, mizani ililalia upande uleule: siku za baada zilikuwa amri, za kabla zilikuwa makombo.

Huku Afrika Mashariki utawala huohuo ulikuwa unataka kodi na pamba. Tangu 1902 wilaya za kusini mwa Dar es Salaam, Rufiji ikiwamo, zililazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya maakida na majumbe. Msimu wa pamba uligongana na msimu wa chakula. Mtu akichukuliwa kwenda shamba la jumbe, shamba la nyumbani linabaki na waliobaki. Mwaka 1905 watu wakachoka. Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe katika nchi ya Rufiji, akawapa maji. Wamatumbi wa Nandete wakang'oa mipamba. Na tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile akanyongwa Mohoro, si mbali na delta. Tunaisoma Maji Maji kama historia ya wanaume na bunduki. Lakini chanzo chake kilikuwa swali la nguvukazi: siku za mtu ni za nani? Mwanamke aliyekuwa na mimba mwaka ule aliishi ndani ya swali hilo, hata kama hakuna karani aliyemwandika.

Washington, 1919

Namba 84, ambayo kila mwajiriwa wa Tanzania anaijua, ina asili. Mwaka 1919, mwaka uleule Uingereza ilipopewa Tanganyika, Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington na kupitisha Mkataba Namba 3 kuhusu ulinzi wa uzazi. Mkataba ulisema hivi, kwa maneno yangu: mwanamke mwenye cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba atajifungua ndani ya wiki sita ana haki ya kuacha kazi, na baada ya kujifungua haruhusiwi kufanya kazi kwa wiki sita. Sita jumlisha sita ni kumi na mbili. Wiki kumi na mbili ni siku 84.

Zingatia tofauti ya vitenzi. Kabla: ana haki. Baada: haruhusiwi. Haki unaweza kuiacha mezani, katazo huwezi. Hata hivyo, kwenye karatasi, pande mbili zilikuwa sawa: wiki sita za mama aliyebeba na wiki sita za mama aliyejifungua.

Mkataba huo ulihusu viwanda na biashara. Wakulima wa kike walisubiri hadi 1921, na walichopata ni Pendekezo Namba 12, yaani ushauri kwa serikali, na hata ushauri huo uliwalenga wale walioajiriwa kwa ujira kwenye mashamba. Uingereza yenyewe haikuuridhia Mkataba Namba 3. Kwa mwanamke wa bonde la Rufiji, anayelima shamba ambalo si lake wala si la bosi, anayelipwa kwa kula, hakukuwa na mlango wa kuingilia. Sheria ilikuwa inatafuta mwajiri wa kumbana. Mpunga hauna saini.

Nani alikuwa likizo?

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Ndani yake kuna aya ambayo huwa tunaipita haraka. Nyerere anasema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu yeyote nchini, saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Neno likizo! Mara nyingi tunalisikia likitajwa kwa mfanyakazi wa ofisini, lakini Azimio lililigeuza likawa shtaka. Lilijua kwamba kijijini likizo ipo, tatizo ni mgawanyo wake.

Rufiji ililipokea Azimio pamoja na maji. Mafuriko makubwa ya 1968 yalifuatiwa na operesheni ya 1968 na 1969 ya kuwahamisha watu wa bondeni kwenda miinuko ya kaskazini. Kijiji kikapata shule na zahanati, na hilo si dogo kwa mama mjamzito. Lakini shamba lilibaki bondeni. Umbali kati ya kitanda na jembe ukaongezeka, na familia zikaendelea kushuka msimu ukifika na kulala kwenye madungu kama zamani. Matokeo yake ni kitendawili ambacho hakijateguliwa bado: huduma ya uzazi iko kule nyumba ilipo, na miezi ya mwisho ya mimba iko kule mpunga ulipo. Aprili 2024 mto ulipofurika tena na kuzoa mashamba ya Rufiji na Kibiti, tulikumbushwa kwamba watu hawakuwahi kuliacha bonde. Wangeliachaje? Ndilo ghala.

Miaka hiyohiyo, mjini, mapambano mengine yalikuwa yanaiva. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulianzishwa mwaka 1962, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke ambaye jina lake linaandamana na Rufiji kisiasa: huko ndiko aliposhindwa ubunge katika uchaguzi wa 1965. Katika miaka ya 1970 UWT ilisukuma likizo ya uzazi yenye malipo kwa mwajiriwa wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Hilo la asiyeolewa lilikuwa vita kweli. Walikuwapo waliohofia kwamba serikali ingeonekana inalipia uhuni. Lakini wanawake wakashinda, na katikati ya muongo ule sheria ikabadilishwa: siku 84 kwa malipo, mara moja kila miaka mitatu.

Huu ni ushindi ninaouheshimu. Uliondoa swali la ndoa kwenye tumbo la mfanyakazi. Ila tuone ulichokiacha. Siku 84 ziliingia zikiwa furushi moja lisilogawanywa. Ile sita kwa sita ya Washington ikayeyuka, na mwanamke akaambiwa ajigawie mwenyewe.

Hesabu ya siku 84

Leo tunatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 33 kinamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiwa na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wakati wowote ndani ya wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji. Baada ya kujifungua hatakiwi kufanya kazi kwa wiki sita, isipokuwa daktari aseme yuko sawa. Jumla ni siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri analazimika kutoa likizo hiyo mara nne tu. Akirudi, ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku tatu.

Wiki sita za katazo ni siku 42. Arobaini, na mbili za nyongeza! Bunge la Dodoma na bibi wa Ruaruke, bila kuitana kikao, wamelinda siku zilezile. Na wote wawili, siku za kabla wameziacha kwenye "anaweza".

Sasa piga hesabu. Mwalimu wa shule ya msingi Ruaruke anatarajia kujifungua tarehe 30 Juni. Akianza likizo wiki nne kabla, tarehe 2 Juni, atakuwa ametumia siku 28. Zimebaki 56, yaani wiki nane za kukaa na mtoto. Akisimama ubaoni mpaka uchungu umshike, ana wiki kumi na mbili kamili. Kila siku anayojipumzisha yeye inakatwa kwenye siku za mtoto. Mama gani atachagua mgongo wake? Ndiyo maana maofisini tunawaona wenzetu wakiingia kazini na tumbo limeshashuka, miguu imejaa maji, wanasema "bado nina nguvu, nazitunza siku zangu". Tunawasifu kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba wamepigishwa hesabu mbaya.

Na tarehe yenyewe ni ya kukisia. Watoto wachache mno huzaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Anayeanza likizo mapema halafu mtoto akachelewa siku kumi, amelipa siku kumi. Anayejifungua kabla ya wakati alikuwa ameadhibiwa kivyake, mpaka marekebisho ya 2025 yalipomwongezea muda mama wa mtoto njiti. Ni hatua nzuri. Lakini nayo inahesabu kuanzia mtoto alipotoka.

Ng'ambo ya barabara kutoka kwa mwalimu yuko jirani yake mwenye mimba ya umri uleule. Wanapanga foleni moja kliniki, wanapimwa na muuguzi mmoja, kadi zao zinafanana. Yeye hana cha kutunza wala cha kukatwa. Lakini kwenye siku za kabla, mwalimu na mkulima wanakutana: wote wawili wataacha kazi mwili utakapokataa.

Je, inadhuru?

Mtu anaweza kusema: mbona bibi zetu walilima hadi siku ya mwisho na sisi tukazaliwa? Ni kweli, tuliozaliwa tumezaliwa. Wasiozaliwa hawaji kutoa ushahidi.

Hapa inabidi tutoke Rufiji kidogo, twende Gambia, kwa sababu huko nako wanawake hulima mpunga kwenye mabonde yenye maji na huko watafiti walikaa miaka mingi kuwapima. Katika kijiji cha Keneba na jirani zake iligundulika kwamba watoto wanaozaliwa msimu wa mvua, kazi zinapokuwa nyingi na chakula kidogo, huzaliwa na uzito mdogo kuliko wa msimu wa mavuno. Mwaka 1997 yakachapishwa matokeo ya jaribio la kuwapa wajawazito chakula cha ziada: uzito wa mtoto uliongezeka kwa takriban gramu 200 katika msimu wa njaa, na chini ya nusu ya hapo katika msimu wa mavuno. Yaani mwezi wa kuzaliwa ulikuwa unaamua kilo za mtoto, na kilichokuwa kinaamua si mwezi bali jembe na sufuria. Rufiji si Gambia, lakini mimba ya Machi inayozaliwa Desemba, ghala likiwa tupu na shamba linangoja, inaijua hadithi hiyo.

Kuna mabadiliko ya kushangilia. Kwa takwimu za taifa, vifo vya wajawazito na wazazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 104. Mfumo wa m-mama umeenea nchini, unapiga 115 bure na gari linatafutwa. Baadhi ya hospitali zina nyumba za kungojea, maarufu kama chigonela, ambako mama aliye mbali anakaa wiki za mwisho. Wazo zuri sana. Ila kukaa chigonela kunahitaji kitu ambacho hospitali haikitoi: mtu wa kubaki shambani, na mtu wa kubaki na watoto wengine. Dharura tumeipatia namba ya simu. Uchovu hatujaupatia.

Swali limeelekezwa kwa mtu asiye sahihi

Kila tunapomuuliza mjamzito "utaacha lini kazi?", tunazungumza kana kwamba yeye ndiye mwenye funguo. Historia inaonyesha hakuwahi kuwa nazo peke yake. Arobaini haikusimama kwa sababu wazazi waliamua kupumzika. Ilisimama kwa sababu dada, wifi na majirani walibeba ndoo zao. Siku 84 hazikutoka kwenye huruma ya waajiri; wanawake walizidai, na mfuko wa mshahara ukazilipia. Kila siku ya kupumzika iliyowahi kuwepo ilikuwa na mlipaji anayejulikana. Siku za kabla hazina mlipaji, ndiyo sababu hazina jina.

Kwa mwajiriwa, dawa haihitaji falsafa: wiki kadhaa za kabla zisimame peke yake, zisikatwe kwenye siku za mtoto. Washington walishaziandika zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa mkulima ni vigumu zaidi, na sitajifanya kwamba Bunge linaweza kuamia ndege. Lakini Azimio lilishatuambia wapi pa kutafuta mikono. Kama nusu ya maisha ya wanaume wa kijijini ilikuwa likizo mwaka 1967, na tuseme sasa imepungua ikawa robo, bado robo hiyo inatosha kukaa kwenye dungu mwezi mmoja. Si kazi ya nguvu. Ni kupiga kelele, kurusha mawe kwa teo na kuvumilia jua. Mtoto wa miaka kumi anaiweza, ila siku hizi yuko shule, na huko ndiko anakotakiwa kuwa. Baba yake yupo.

Baba akipanda dungu mwezi wa nane wa mimba ya mkewe, na jirani asimcheke, na mama yake asiseme kijana amekaliwa, hapo siku za kabla zitakuwa zimepata mwenyewe. Jina litakuja lenyewe. Waswahili hatujawahi kushindwa kukipa jina kitu kinachofanyika kila siku.